Mwaka Niliosoma Mahali pa Somoe

Siku ya tatu ya msiba wa Somoe, kule Kitomanga, mjukuu wake mmoja ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi alinisogezea kiti, akanipa kikombe cha chai ya tangawizi, akaniuliza kwa adabu zote nilimfahamu marehemu tangu lini. Nikamwambia tulisoma chuo kimoja Kilwa Kivinje, chuo cha Kurani cha mama yangu, wakati wa Mwingereza. Binti yule akafurahi sana, akawaita na wenzake wawili. "Bibi," akasema, "sisi pale shuleni tuna kikundi cha wazazi. Tunazungumza namna ya kulea watoto wasibaguane, wajue kumaliza ugomvi bila kupigana. Mambo mengi tumeyapata kwa marehemu. Na yeye alikuwa akisema kayapata kwa mwalimu wake wa Kivinje. Kumbe ndiye mama yako?" Nikasema ndiye. Wakanitaka niwaeleze mama yangu alikuwa akifanyaje, nami nikawaeleza nusu. Nusu niliyoiacha ndiyo hii. Nilirudi nayo nyumbani Rasbura kwa basi la mchana, nimekaa dirishani, na hasira niliyokuwa nayo ni ileile ya nilipokuwa na miaka kumi na miwili. Nilidhani imeshazeeka pamoja na mimi, lakini wapi.

Habari za ukoo wetu naziacha. Wenye kuzipenda wanazijua, na wengine haziwasaidii kitu. Naanza na ukumbi. Ulikuwa mrefu na mwembamba, kuta za mawe na chokaa, dari ya boriti, na dirisha moja la nondo za mbao lililotazama kichochoro. Humo tulikaa mabinti ishirini na kitu, kila mmoja na ubao wake au juzuu yake, kila mmoja anasoma pake kwa sauti ya juu, na Mama katikati akiwa na masikio ya ajabu, kwa sababu katika makelele yote yale ukikosea irabu moja alikuita jina. Kulikuwa na mabinti wa nyumba kubwa za Kivinje, waliokuja na hina mikononi. Kulikuwa na mabinti wa wavuvi, watoto wawili wa Mshihiri mwenye duka, Wamatumbi waliohamia mjini na wazazi wao. Na kulikuwa na Somoe, aliyetoka Likawage, ndani huko, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Baba yake, Saidi, alimleta kwa Mama mkewe alipofariki, kisha akaenda kukata mkonge upande wa Lindi. Somoe alilala chumbani kwangu, kitanda kimoja cha kamba, yeye upande wa ukutani kwa kuwa mimi niliogopa mijusi. Alikula nasi sinia moja. Mama alikuwa akisema mbele ya watu, "Mimi nina mabinti wawili," na mimi niliamini, maana sikuwa na sababu ya kutoamini.

Mama alikuwa na sifa mji mzima, na sifa yenyewe haikuwa ya kusomesha tu. Baada ya alasiri wanawake walikuja mmoja mmoja, wakavua viatu mlangoni, wakakaa, wakazunguka na habari za jua na bei ya samaki, halafu ndipo waseme kilichowaleta. "Bi Mwalimu, mwanangu anauma wenzake." "Bi Mwalimu, mwanangu hataki kucheza na watoto wa jirani, anasema wananuka dagaa." Mama aliendelea na ushonaji wake wa ukili wa mikeka, halafu akauliza taratibu, "Mtoto hakuzaliwa na maneno hayo. Nani anayasema nyumbani kwako?" Nimewaona wanawake wazima wakiinama kutafuta kitu sakafuni ambacho hakikuwapo. Chuoni neno "mshenzi" lilikuwa haramu. Kila Jumamosi asubuhi tulisalimiana kwa lugha ya nyumbani kwa mwenzetu: Kimatumbi, Kimwera, Kiarabu cha kwa Mshihiri, na aliyecheka salamu ya mwenzake alirudia hadi aitamke sawasawa. Na waliogombana waliitwa mkekani. Kulikuwa na mkeka mdogo wa ukindu, wa watu wawili tu, magoti yakigusana. Hapo hukuruhusiwa kusema lako. Ulisema la mwenzio: kaumizwa wapi, anataka nini, kwa nini. Ulisema mpaka mwenzio mwenyewe aseme "ndivyo." Naye akasema lako mpaka ukubali. Kisha Mama alileta kipande cha mkate wa kumimina, mkakigawana, mkarudi kusoma. Wiki ya kwanza ya Somoe, Rukia binti wa Bi Sharifa alimwigiza matamshi yake ya bara, darasa zima tukacheka, na mimi nilicheka. Rukia akaitwa mkekani. Alikaa pale tangu asubuhi hadi karibu na adhuhuri akijaribu kumsema Somoe, na kila akisema jambo Somoe alitikisa kichwa, hapana, bado. Mwishowe Rukia akalia, akasema, "Anaona kama amekuja mahali ambapo hata mdomo wake si wake." Somoe akasema, "Ndivyo." Tangu siku ile wakawa marafiki, na mimi nikaona hakuna mtu duniani anayemfikia mama yangu.

Somoe alisoma kwa namna ambayo sijui kuieleza. Hakuwa na haraka. Sisi wengine tulikimbilia mwisho wa aya ili tupumzike, yeye alipumua mahali pa kupumua tu, na sauti yake ilikuwa nzito kidogo kuliko umri wake. Alianza nyuma yangu kwa juzuu kadhaa, akanifikia, akanipita, na nilipolalamika Mama aliniambia nifumbe mdomo na nifumbue msahafu. Desturi ya chuo chetu ilikuwa hivi: mabinti waliomaliza Kurani walihitimu pamoja, mara moja kwa mwaka, kwa sherehe ya pilau na halua, wageni wanakuja mpaka kutoka Lindi. Aliyemaliza wa kwanza ndiye aliyefungua. Alikaa peke yake mbele ya pazia, akasoma kwanza, watu wote wakiwa kimya, wanawake ndani na wanaume barazani, kisha wenzake wakafuata. Kufungua kulikuwa ni heshima ya maisha. Hadi leo kuna vikongwe Kivinje ambao ukiwaulizia utaambiwa kwanza kwamba walifungua, halafu ndipo jina. Mwaka ule, mwaka ambao vitambaa vilianza kuonekana tena madukani baada ya vita, tulimaliza watano. Wa kwanza alikuwa Somoe. Wa pili mimi. Mama mwenyewe alimwandikia Saidi barua, akampa dereva wa lori aipeleke huko kwenye mkonge: mwanao atafungua, tunakutarajia. Somoe aliomba asomewe barua ile mara mbili kabla haijafungwa.

Siku ya Jumatatu, wiki ya sherehe, nilikuwa stoo nikichambua mchele wa pilau. Stoo ilitengwa na chumba cha Mama kwa pazia tu. Nikamsikia Bi Sharifa anaingia, wakaamkiana, wakasemezana habari za nyumbani. Kisha Bi Sharifa akasema kwa sauti ya upole, maana alikuwa mwanamke mpole, hilo sitamnyima, "Bi Mwalimu, mimi sina neno na yule mtoto. Ana adabu, na Rukia wangu anampenda. Lakini siku ile watakuja wageni wetu. Watauliza, anayefungua ni binti nani?"

"Utawaambia ni Somoe binti Saidi," Mama akasema.

"Saidi gani?"

Niliacha kuchambua mchele ili nisikie vizuri. Nilikuwa na hakika kwamba Mama anatafuta maneno yake yale makali ya taratibu, na kwamba sasa hivi Bi Sharifa ataanza kutafuta kitu sakafuni.

"Mimi nikubali, haya," Bi Sharifa akaendelea. "Wenzangu je? Nyumba tatu zimeshaniambia kwamba mabinti zao hawatakaa nyuma ya mtoto wa mkata mkonge. Watawatoa. Mimi nimekuja kama ndugu yako. Afungue Mwanahawa wako, basi. Mwanao hakuna atakayemsema vibaya."

Nikasikia Mama anamimina kahawa. Kisha akasema, "Niachie mimi. Nitawasuluhisha."

Sikuelewa. Atawasuluhisha nani? Hakuna aliyegombana. Jioni ile, kabla ya magharibi, Mama alitandika ule mkeka mdogo ukumbini, akatuita mimi na Somoe. Tukatazamana, tukacheka kidogo, maana tulidhani ametusikia tukibishania shuka. Tukakaa, magoti yakagusana. Mama akasema, "Kuna jambo kati yenu. Mwanahawa anataka kufungua, na Somoe anataka kufungua. Sitaki muwe na kinyongo ndani ya nyumba yangu. Somoe, wewe ni mkubwa, anza."

Mimi sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba nataka kufungua. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli, na pia kweli ni kwamba nilitaka. Nilikuwa nikilitaka jambo lile moyoni tangu Somoe aliponipita, kwa wivu wa kitoto uliokuwa ukinitafuna, na Mama akaliokota humo akaliweka mkekani kana kwamba ni shauri lililokuwapo. Somoe alinitazama usoni muda mrefu. Alikuwa akifanya kazi aliyofundishwa, ananitafuta mimi nilipo. Akasema, "Mwanahawa ni binti wa Mwalimu. Akikaa nyuma, watu watasema mama yake alimfundisha mtoto wa watu akamwacha wake. Anaona haya. Na anaogopa kwamba Mama yake anamwona hawezi." Sikuwa nimewahi kusemwa hivyo na mtu. Machozi yalinitoka. Nikasema, "Ndivyo."

"Haya, Mwanahawa," Mama akasema, "sema la mwenzio."

Nilikuwa nalijua. Nilijua neno kwa neno: Somoe amemaliza wa kwanza, ni haki yake. Baba yake ameandikiwa barua, atakuja kwa miguu. Anataka mara moja katika maisha yake akae mbele ya watu hawa na mdomo wake uwe wake. Hayo yote yalikuwa kooni. Nikamtazama Mama, nikaona namna alivyonitazama, na nikasema, "Somoe hana neno."

Mama akawahi. "Ndivyo, Somoe?"

Nje kuna mtu alikuwa akitwanga. Nakumbuka nilihesabu mapigo ya mchi. Somoe akasema, "Ndivyo." Mama akasema, "Mwezi ujao utahitimu peke yako, nitakufanyia sherehe yako mwenyewe," akaleta mkate wa kumimina, tukagawana. Ulikuwa mtamu vilevile kama siku zote, na hilo lilinikera.

Mwezi ujao haukuja, lakini nisiruke mambo. Watu huniuliza kama nilimchukia mama yangu. Sikumchukia. Nilimpenda hadi alipofumba macho mikononi mwangu, na sijamsamehe, na yote mawili yamekaa ndani yangu miaka yote hii bila kusukumana. Angempiga Somoe ningemwelewa. Angesema wazi, "Waungwana wamenitisha, mwanangu, sina nguvu," ningemwelewa zaidi. Alichofanya ni kuchukua kitu kile ambacho sisi watoto tulikiamini kuliko kitu chochote, akakitumia kumfanya mnyonge aseme kwa kinywa chake kwamba hakuonewa. Na alinitumia mimi. Hata leo nikisikia watu wanasifiana kwamba mahali fulani hapana ugomvi, huwa nataka kujua kwanza ni nani aliyeambiwa anyamaze. Miaka mingi baadaye, mimi mwenyewe nikiwa na watoto wanne, nilimwuliza. Alikuwa uani akichambua mchicha. Hakushtuka wala hakujifanya amesahau. "Rukia ana mama yake wa kumtoa chuoni," akasema. "Wale wengine wana mama zao. Wakitoka hao, chuo kimekwisha. Somoe nani angemtoa?" Nilisubiri neno la pili. Akaniomba nimsogezee ungo.

Sehemu ya kufungua ilikuwa ndefu na mimi sikuiweza vizuri. Kwa hiyo Mama alimwambia Somoe anisomeshe. Siku tatu tulikaa chumbani kwetu, kitandani, na Somoe akanifundisha mahali pa kupumua, mahali pa kuvuta, mahali pa kushusha sauti. Hakunibania hata kidogo. Nilipokosea alinigonga goti kwa kidole, nikarudia. Siku ya pili nilimwambia, "Somoe, tumwambie Mama tusome wote wawili." Kwa kweli hakuna mtu mzima hata mmoja aliyefikiria jambo jepesi kama hilo. Somoe akasema, "Tulishakula mkate, Mwanahawa. Soma." Chakula cha mchana siku hizo kilikuwa wali wa nazi na samaki wa kukaanga, na Mama alimwekea Somoe kipande cha tumbo, kinono, mbele yake, kila siku. Somoe alikila chote na kushukuru. Sikuona dalili yoyote ya uchungu, nami nilikuwa nikilala naye kitanda kimoja, na hilo nalo lilikuja kuniuma, kwamba alinificha. Lakini angeniambia mimi ili iweje?

Siku ya Ijumaa, baada ya sala, nyumba ilijaa. Wanaume barazani na barabarani juu ya mikeka, wanawake ukumbini, udi mpaka macho yanawasha. Sote watano tulivaa magauni meupe yaliyokatwa kitambaa kimoja. Nikakaa mbele ya pazia, karibu na lile dirisha la kichochoroni, nikafungua. Nilisoma vizuri. Naweza kusema hivyo bila kiburi kwa sababu sikuwa mimi niliyesoma: nilipumua mahali pa Somoe, nikavuta mahali pa Somoe, hata uzito wa sauti yake niliuiga, kwani sikujua namna nyingine. Nilipomaliza nilisikia wanaume nje wanasema Allahu akbar. Wenzangu wakafuata mmoja mmoja. Somoe hakusoma. Alikaa nyuma na wadogo, kwa kuwa yeye sherehe yake ni mwezi ujao. Pilau ilipopita, wanawake wakamzunguka Mama, na mmoja wa wageni wa Lindi, aliyekwisha kuhadithiwa habari za mkekani, akasema kwa sauti ili sote tusikie, "Malezi haya tuyapate wapi sisi? Mtoto anamwachia mwenzake bila kununa." Bi Sharifa akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mama akainamisha uso kama mtu anayeona haya ya kusifiwa.

Ndipo mtoto mmoja akaja kusema kwamba nje, mlango wa uani, kuna mtu anamtaka Somoe. Somoe alitoka mbio. Mama akafuata, nami nikapakua sahani ya pilau nikawafuata, kwani nilishajua ni nani. Saidi alikuwa amesimama kichochoroni, mtu mwembamba, kanzu yake safi na miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Hakuwa amekwenda barazani. Alikuwa amesimama chini ya dirisha letu muda wote, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimesikia," alikuwa akimwambia Somoe, ameushika uso wake kwa mikono miwili. "Nilifika hapa wakati ndiyo unaanza. Nimesikia neno kwa neno, mwanangu. Nikasema mama yake angekuwa hai."

Mimi nilisimama kizingitini na ile sahani, Mama bega kwa bega na mimi, na nikasubiri mmoja wetu aseme. Ilikuwa kazi ya neno moja tu. Somoe akasema, "Ndiyo, baba."

Saidi akamgeukia Mama. "Mwalimu, shukrani zangu sijui niziweke wapi. Kule kwetu waliniambia, ukimpeleka mwanao kwa waungwana utamkuta ni mtumishi wao. Wewe hukumbagua."

"Hawa wote ni wanangu, Saidi," Mama akasema.

"Baba," Somoe akasema, "nataka nifuatane na wewe. Leo."

Saidi akashangaa. "Umeshamaliza kusoma?"

"Nimemaliza."

Akapita katikati yetu kwenda chumbani, akarudi hapohapo, na nguo zake zilikuwa zimefungwa tayari ndani ya kanga. Somoe akamshika Mama mkono, akaubusu, akamwambia asante kwa malezi. Mimi hakunipa mkono, ila hakunitazama kwa ubaya pia. Nikampa Saidi sahani. "Shikamoo, baba," nikasema, na machozi yalikuwa yakinitoka.

"Marahaba, mwanangu." Akanitazama gauni langu jeupe, akayatazama machozi yangu, akadhani ameelewa. Akaniwekea mkono kichwani kwa upole kabisa. "Usione vibaya. Mwenzio alikutangulia tu. Kaza kusoma, mwaka kesho na wewe utafungua."

Nikamsubiri Mama aseme. Kisha nikasema, "Inshallah, baba."